Bi Hapana Haondoki Kigodani

Wifi yangu ana jina zuri tu alilopewa na baba yake, lakini ukilitaja mtaani watu watakuuliza unamtafuta nani. Wao wanamjua kama Bi Hapana. Mwambie mvua inakuja, hapana. Mwambie amekonda, hapana. Mwambie chai yake imepoa, ataigida yote ikiwa baridi huku anakwambia hapana, bado inaunguza. Mimi nimeolewa na kaka yake na tumekaa nyumba moja miaka mingi, kwa hiyo nikisema mwanamke huyu ni mbishi, sitii chumvi. Nimepunguza.

Nyumba yenyewe ni ya mama mkwe. Ina vyumba vya nyuma tunakolala, ua wa kuanikia nguo, na chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara. Chumba hicho ndicho kilichowalea mume wangu na dada yake, maana baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyerehani humo. Si fundi wa kushona. Wa kuvitengeneza. Cherehani kikigoma kililetwa kwake, akakifungua juu ya meza ile nene, akapangusa kila chuma kwa kitambaa kilichoning'inia msumarini, akatia tone la mafuta, kikarudi kwa mwenyewe kinacharaza.

Hata baada yake kitambaa kilibaki msumarini. Ni cheusi tii, kimekolea mafuta ya miaka na unga wa chuma, na hakijawahi kuonja sabuni. Nilipokuwa bado mgeni humu ndani nilikitia kwenye beseni la nguo chafu, mama mkwe akakinyakua kabla hakijagusa maji, akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Watu wa nyumba hii hawaingizi chuma ndani ya chuma bila kukipitisha kwanza kwenye kitambaa hicho. Funguo, bawaba, pampu ya baiskeli, kila kitu. Wala hawajui kwamba wanafanya hivyo, mkono unakwenda wenyewe. Mume wangu hupangusa ufunguo wa chumba chetu kila jioni, na sasa nawaona watoto wangu nao wameanza.

Kitu kingine walichoachiwa ni sheria ya kigoda. Mbele ya meza kuna kigoda kifupi cha miguu mitatu. Mwanafunzi wa baba mkwe akiharibu mashine ya mtu, alitakiwa aseme kwa mdomo wake, mbele ya waliopo, "Nimeharibu mimi." Asiyesema alifukuzwa siku hiyo hiyo. Aliyesema alikaa kwenye kigoda mpaka mashine ishone tena, na hapakuwa na wa kumwinua, awe mteja, awe mgeni, awe mama yake mzazi. Chakula aliletewa hapo hapo. Mume wangu aliwahi kukikalia, alipovunja springi ya cherehani cha mke wa mkuu wa polisi. Mkuu mwenyewe akaja na kofia yake kufoka, baba mkwe akasimama mlangoni akamwambia, "Subiri, mzee. Fundi yuko kazini." Mume wangu hakuwa amewahi kuitwa fundi kabla ya siku hiyo. Hadithi hii huisimulia kwenye kila sherehe, na kila mara hucheka mpaka machozi yanamtoka.

Baba mkwe alipofariki, mume wangu alihamishia kazi sokoni kwenye watu wengi, chumba kikabaki na vumbi. Halafu wifi akarudi kutoka kwa mumewe na begi moja na kompyuta. Ndoa ilimshinda, au yeye ndiye aliyeishinda ndoa, inategemea unamuuliza nani. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alifagia chumba cha mbele, akaweka kompyuta juu ya meza ya baba yake, akakalia kigoda, akaanza kazi ya kukata na kuunga video za harusi. Watu humletea walichopiga kwa kamera zao, yeye anamtoa mjomba aliyelewa, anamwacha bibi anayecheza, anatia muziki, na mwisho kompyuta inaunganisha vipande vyote kuwa video moja. Hiyo hatua ya mwisho yeye huiita kupika. Ikianza kupika hataki mtu apite hata na ndoo ya maji.

Kazi zilikuwa zinakuja kidogo kidogo. Ndipo akatokea Bwana Magodoro, mfanyabiashara mnene, mpole, anayetafuta chumba cha kuuzia magodoro kinachotazama barabara. Mume wangu alimkubali siku ya kwanza. Nami, nisijifanye malaika, nilimkubali kabla yake, kwa sababu yule bwana alituahidi godoro jipya, na letu lina bonde katikati ambalo anayeliangukia ni mimi.

"Chumba cha baba ni chumba cha kazi," mume wangu alimwambia dada yake, mama yao akiwa amekaa pale. "Si cha kutazamia sinema za harusi za watu."

"Hii ni kazi."

"Kazi gani haitoi jasho?"

"Bora yangu, kaka. Ya kwako inatoa maneno tu."

Mama mkwe akawanyamazisha wote wawili kwa mkono. Ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo hayarudiwi. Alijua wifi amepewa kazi kubwa na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama ambaye hata wazazi wa wanafunzi wanamwogopa. Mwalimu huyo alikuwa amemwoza binti yake, na maharusi walikuwa wanasafiri Jumamosi jioni na kutaka kuondoka na video yao.

"Ikiwa tayari Jumamosi kabla ya adhuhuri," mama mkwe akamwambia binti yake, "chumba ni chako, na habari za magodoro sitaki kuzisikia tena. Isipokuwa tayari, utahamishia kompyuta yako chumbani kwangu."

Sote tulijua maana yake. Hakuna mteja atakayepita uani, avuke kamba za nguo, aingie chumba anacholala mama mtu mzima ili akatazame harusi yake. Wifi akihama chumba cha mbele, kazi imekufa, na yeye anarudi kuwa binti aliyerudi nyumbani.

"Sawa," akasema. Nilishtuka kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Shida ilikuwa kwamba harusi ile ilipigwa kwa kamera kubwa za kisasa, na kompyuta ya wifi ikawa inahema. Ikianza kupika, inakwama. Akaenda kwa Waya, muuza vipuri vya kompyuta kule barabara kuu, ambaye jina lake la kweli silijui na sidhani kama anayelijua yupo. Waya akamweleza kwamba kompyuta ina memori ndogo. Memori ni kijibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na ndicho kompyuta inachoshikia kazi wakati inaifanya. Meza ikiwa ndogo huwezi kutandaza kitambaa kikubwa, ndivyo alivyomfafanulia. Akamuuzia mbili mpya, kubwa.

Wifi alizifunga mwenyewe Jumatano asubuhi. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na bakuli la mchele ninaochagua, maana nilitaka kuona. Alizima umeme, akafungua ubavu wa kompyuta, akatoa memori ya zamani, akachukua mpya, akazipangusa vizuri, akazichomeka. Zikalia kwa pamoja, ta. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, na sikuona kitu.

Kompyuta ikawaka. Wifi akanitazama kama aliyeshinda kesi. Kisha ikatoa mlio, skrini ikawa ya buluu yenye maandishi meupe, ikazima, ikawaka yenyewe upya. Ikafanya hivyo tena. Alipofanikiwa kuifungua na kuanza kupika, ikafika katikati ikakatika, na kile kipande kilichotoka kilikuwa na bibi harusi mwenye vigae vya kijani usoni.

"Hapana," wifi akaiambia.

Alianza kuitafuta shida hatua kwa hatua, na hapo nikamheshimu, maana mimi ningeipiga kofi. Akaacha memori moja, akatoa nyingine. Ikagoma. Akabadilisha. Ikagoma. Akahamisha tundu la kuchomekea. Ikawaka, nusu saa ikatulia, halafu buluu. Akawasha programu ya kupima memori ambayo Waya alimpa kwenye flashi, skrini ikajaa mistari myekundu, na kila mstari mwekundu ni kosa. Mwisho akarudisha memori ya zamani, ile iliyofanya kazi tangu ainunue kompyuta. Nayo ikagoma.

Jioni mume wangu akarudi kutoka sokoni, akachungulia. "Naona mnatazama rangi ya buluu."

"Pita," wifi akamwambia.

"Napita. Magodoro nayo yanapita, yanakuja hapa." Akaenda zake uani anacheka, na mimi, nasema kweli, nilicheka naye kidogo.

Alhamisi wifi akaniambia, "Wifi, vaa viatu, twende ukawe shahidi wangu." Alikuwa ameshakata kauli kwamba Waya kamuuzia memori bandia. Tukafika dukani, chumba kilichojaa waya hadi darini, na wifi akamtolea uvivu mbele ya wateja. Alimwita mwizi. Alimwita tapeli. Alimuuliza kama mama yake anajua anachokifanya mjini. Waya alimsikiliza, akazichukua zile memori, akainamia kompyuta yake kwenye kona, akazichomeka, akawasha kipimo. Tukasubiri. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

"Nzima hizi, dada," Waya akasema.

"Hapana."

"Tazama mwenyewe."

"Kompyuta yako imezoea vitu vibovu."

Akazibeba tukarudi. Nyumbani akafungua ubavu, akapangusa, akachomeka, akawasha. Buluu. Ijumaa alishinda kwenye kigoda hakula. Zikipimwa dukani ni nzima, zikija nyumbani ni mbovu. Aliichomoa hadi feni akaisafisha. Aliihamisha kompyuta kwenye soketi nyingine ya umeme. Mama mkwe alimletea uji, ukapoa, na wifi hakusema hata kwamba bado unaunguza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mpaka wakati ule nilikuwa nawaza godoro langu. Nikimwangalia mwanamke yule amekaa kimya, nikaona kwamba sitaki kabisa kumwona amekaa kimya hivyo chumbani kwa mama yake miaka iliyobaki. Sikuyapenda mawazo hayo, lakini yalikuja.

Jumamosi, adhuhuri ikikaribia, tulikuwa tena kwa Waya, na yeye alipotuona alishusha pumzi. Safari hii wifi hakuwa na matusi. Alimpa zile memori, na badala ya kumtazama usoni akamtazama mikono. Waya aliishika ya kwanza, akavuta droo, akatoa kifutio cha kawaida kabisa, kile cha penseli cha watoto wa shule, akaanza kuyasugua yale meno ya dhahabu.

"Unafanya nini hapo?" wifi akauliza.

"Nasugua meno. Hayataki uchafu haya. Hata mafuta ya vidole tu yanaweza kuleta shida."

"Juzi ulisugua?"

"Nasugua kila siku, dada. Mkono umeshazoea." Akakigeuza kifutio kutuonyesha, na akashangaa mwenyewe, kwa sababu kilikuwa cheusi tii. "Lakini hizi zako zina nini? Unazifungia wapi, gereji?"

Wifi alitazama ule weusi, halafu akautazama mkono wake wa kulia, akaufumba. Nami hapo hapo nikakiona kitambaa msumarini, nikamwona Jumatano asubuhi anazipangusa vizuri, nikamwona Alhamisi, nikamwona Ijumaa, kila mara kabla ya kuchomeka. Memori mpya, memori ya zamani, zote alizipaka mafuta ya cherehani na unga wa chuma, akazichomeka kwenye matundu, matundu nayo yakala uchafu. Alikuwa anaiponya kompyuta kwa dawa ile ile iliyoitia ugonjwa.

"Nilikuita mwizi," wifi akamwambia Waya. "Nilikosea, na nasema mbele ya huyu huyu shahidi." Waya akafungua mdomo kusema si kitu. "Lakini kifutio hicho nakichukua," wifi akaongeza, akakitia mfukoni. Akanunua na kichupa cha spiriti, tukatoka.

Njiani nilimshika mkono. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. "Wifi, sikiliza. Adhuhuri ikifika bado hujapika. Kaka yako akiuliza, sema Waya kakuuzia bandia. Watu wanatapeliwa kila siku, si aibu. Atakuonea huruma, labda atakuongezea hata siku. Ukisema ni wewe, atakucheka mpaka uzeeni. Mimi nimeona, na nimeshasahau."

"Hapana."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu ni mimi."

Nilimwambia ana kichwa kigumu, na akaniambia asante. Tukatembea mpaka nyumbani, mimi nimekasirika kwelikweli, na nilichokasirikia ni kwamba nimeanza kumpenda.

Tukakuta mlango wa mbele wazi. Bwana Magodoro yuko ndani na futi yake ya kupimia, ameshika ncha moja, mume wangu ameshika nyingine, wanapima ukuta wa kulia. Mama mkwe amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. Kompyuta iko mezani, ubavu wazi, kama tulivyoiacha.

"Mmerudi," mume wangu akasema. Sauti yake haikuwa na ubaya, na hilo liliniuma zaidi. "Dada, adhuhuri hiyo imefika. Najua umejitahidi. Hawa wauza vipuri ni matapeli, kila mtu anajua. Sema tu kakuuzia kitu kibovu, tusaidiane kuhamisha vitu vyako, yaishe. Hakuna wa kukucheka."

Alimfungulia mlango ule ule niliokuwa nimemfungulia mimi njiani. Nilimtazama wifi, nikamwomba kwa macho apite.

Wifi alikwenda mpaka kwenye meza. Hakukaa. Alisimama kando ya kigoda, akamgeukia kaka yake, akamtazama mama yake, akamtazama hata Bwana Magodoro.

"Waya hana kosa," akasema. "Memori ni nzima. Nilizipangusa kwa kitambaa cha baba. Kila mara nilipozichomeka, nilizipangusa. Nimeharibu mimi."

Mume wangu alitazama msumari, akatazama kompyuta, na cheko likaanza kumpanda kutoka tumboni. "Umetia mafuta ya cherehani kwenye kompyuta," akasema. "Mama, umesikia? Kaipaka mafuta kompyuta." Akacheka, akajipiga paja, futi ikamponyoka ikajikunja na kumrudia Bwana Magodoro kwa kasi. "Sasa umeiharibu mwenyewe kwa mkono wako, na adhuhuri imepita. Haya, beba."

Wifi akakaa kwenye kigoda.

"Nimesema nini, kaka?"

"Umesema umeharibu."

"Nimesema mbele ya nani?"

Niliona neno linamfikia mume wangu. Cheko liliondoka usoni mwake taratibu, mdomo ukabaki wazi.

"Hiyo ilikuwa ya vyerehani," akasema.

"Baba alisema mashine. Mashine ya mtu. Hii ina harusi ya mtu ndani yake, nimeiharibu, nimesema kwa mdomo wangu, na nimekaa. Niinue."

"Usiniletee mambo ya baba."

"Wewe ndiye uliyeniletea. Chumba cha baba ni chumba cha kazi, ulisema. Basi mimi niko kazini kwa baba. Niinue, kaka, kama unaweza."

Alisema bila kupaza sauti, mgongo umenyooka, na mikono yake tayari inatafuta kifutio mfukoni. Mume wangu alimgeukia mama yake.

"Wewe ulikaa hapo likizo nzima," akamwambia mwanawe. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea chakula. Hakuna aliyekuinua." Akasimama, akajishika kiuno. "Nakwenda kumpikia mwenzio."

Bwana Magodoro ni mtu mwenye adabu. Alikunja futi yake, akaniaga mimi, sijui kwa nini mimi, akatoka, na godoro langu likatoka naye.

Basi wifi akafanya kazi. Alisugua yale meno kwa kifutio, moja moja, mpaka yakarudia rangi yake. Akalowanisha kipande cha karatasi ngumu kwa spiriti, akakipitisha ndani ya kila tundu, kikatoka cheusi, akakata kingine, mpaka kikatoka cheupe. Akaacha vikauke. Aliposhika memori ya kwanza ili aichomeke, mkono wake wa kulia ukaanza kwenda msumarini wenyewe. Wote tuliuona. Akausimamisha hewani, akauangalia kama mkono wa mtu mwingine, akaurudisha. Kisha akachomeka. Mume wangu hakuondoka. Alikuwa ameegemea ukuta aliokuwa anaupima, anajifanya anatazama barabara.

Kipimo kilianza. Hakuna mstari mwekundu. Tukasubiri, bado hakuna. Wifi akafungua harusi ya binti wa mwalimu mkuu, akabonyeza, ikaanza kupika. Mimi nikawazuia watoto wasipite.

Ilikuwa haijafika nusu pale mwalimu mkuu aliposhuka garini mbele ya mlango, pochi kwapani, miwani imeshuka puani. Alasiri ilikuwa imeshaingia. "Iko wapi video yangu?" akaanza akiwa bado barabarani, na nusu ya mtaa ikasimama kusikiliza. "Nimeambiwa adhuhuri. Watoto wako njiani kwenda uwanja wa ndege. Huyo mwanamke yuko wapi? Nataka kuongea naye sasa hivi."

Wifi akataka kugeuka. Nikaona mabega yake yamekaza, maana akiinuka kujibu, ameinuka, na kigoda hakimlindi tena. Mimi nilikuwa na bakuli mikononi. Aliyefika mlangoni kwanza ni mume wangu. Alisimama pale katikati, akauziba mlango kwa mwili wake wote, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule.

"Subiri, mama," akamwambia. "Fundi yuko kazini."

Mwalimu mkuu, ambaye hajawahi kusubirishwa na mtu, akasubiri. Nilimtolea kiti, akakaa barazani na pochi yake. Mume wangu hakutoka mlangoni mpaka ilipokwisha kupikwa. Wifi aliitazama video mwanzo, katikati na mwisho, bibi harusi akiwa na uso wake mwenyewe, akaitia kwenye flashi, akanipa mimi niipeleke barazani. Mama yule aliipokea, akaondoka mbio bila kuaga, na wiki iliyofuata akamleta dada yake ambaye naye ana binti.

Siku hiyo, gari la mwalimu lilipoondoka, mume wangu akasema, bila kumtazama mtu, "Haya. Inashona. Sasa unaweza kuinuka."

Wifi akainuka. Alikwenda moja kwa moja msumarini, akakitoa kile kitambaa, akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake. "Hiki ni chako," akamwambia. "Peleka sokoni. Humu ndani hakina kazi tena."

Nilidhani watagombana upya. Mume wangu alikishika, akakikunja mara mbili, polepole, akakitia kwenye mfuko wa shati lake jeupe, upande wa kushoto. Shati hilo nalifua mimi. Doa halijatoka, na nimeacha kulisugua.